Rivyu ya seti ya kuanzia kufuga tarantula: imepangwa na mtu anayeogopa buibui

Wakuu, hii ni rivyu ya ile seti ya kuanzia kufuga tarantula, inauzwa mtandaoni ikiwa kamili kwenye boksi moja: tanki la akriliki, mfuniko wa wavu, mkeka wa umeme wa kupasha joto, kipimo cha unyevu cha mshale, kisahani cha maji na sponji yake, tofali la makumbi ya nazi yaliyosagwa, gogo la kujifichia, kibano kirefu, glavu nene za ngozi, karatasi ya maelekezo, afu na kile kipampu cha kufyonza sumu ambacho ndo wamekipa picha kubwa kabisa mbele ya boksi. Buibui mwenyewe haji nayo, na hilo nalisifia, nitaeleza huko mbele. Jina la kampuni silitaji maana seti za aina hii ziko nyingi na ukiondoa stika huwezi kujua ipi ni ya nani. Nyota mbili kati ya tano. Moja ya kibano, moja ya makumbi.

Plastiki yenyewe haina shida, tanki limekaa vizuri na kona hazivuji. Shida yangu ni kwamba aliyeipanga hii seti alijiuliza swali moja tu, akiniuma nifanyeje, hakukaa kujiuliza huyu mdudu anaishije na anakufaje. Karibu kila kilichomo kinapigana na meno. Wakati ukimjua tarantula vizuri unakuta meno ni silaha anayoitoa mwisho kabisa kwa kitu kikubwa kama binadamu, kabla ya hapo ana mbinu nyingine kibao, na baadhi yake zinaumiza kuliko unavyodhani, na hizo seti haijazigusa kabisa.

Nianze na karatasi ya maelekezo maana makosa mengine yote yanazaliwa pale. Inazungumzia "tarantula" kama vile ni mnyama mmoja. Familia yao, Theraphosidae, ina aina zaidi ya 1,000, kuna wa jangwani kuna wa msitu wa mvua, kuna wanaochimba mashimo na kuna wanaoishi juu ya miti, kuna wadogo wanaojaa kwenye sarafu na kuna yule Theraphosa blondi wa kaskazini mwa Amerika Kusini ambaye ukimpima mguu kwa mguu anakaribia sentimita 28 na uzito unafika gramu 170 hivi. Sasa huwezi kuwaandikia wote hao ukurasa mmoja wenye joto moja na unyevu mmoja. Na kuna mgawanyo mmoja ambao kila anayeanza anatakiwa aujue kabla hajafungua hata boksi: tarantula wa mabara ya Amerika upande mmoja, wa Afrika, Asia na Australia upande mwingine. Wale wa Amerika wengi wao wana vinyweleo vya kuwasha juu ya tumbo. Wa upande wa pili hawana hata kimoja. Hiyo tofauti ndo inaamua akikereka atafanya nini. Mwenye vinyweleo anageuka, anakupa mgongo, anasugua tumbo kwa miguu ya nyuma haraka haraka, vumbi linaruka, kwake yeye kesi imeisha. Asiye navyo anakimbia, na akikosa pa kukimbilia anajiinua, miguu ya mbele juu, meno nje, na ukizidi kumsogelea anapiga kweli. Karatasi haina hata mstari mmoja kuhusu hili.

Tukae kidogo kwenye vinyweleo maana hapa ndo seti ilipoacha goli wazi. Aliyewahi kupitiwa na upupu anajua ninachosema. Ni vidogo mno, vina vidoano, vikishaingia kwenye ngozi havitoki kwa kupangusa, na ukikuna ndo unavizamisha zaidi. Ngozi inatoa vipele, inawasha saa kadhaa, wengine siku kadhaa, na kuna watu ambao kadiri wanavyozidi kupata vinyweleo ndo mwili unavyozidi kuvichukia. Mkononi sio mbaya sana, jichoni ni habari nyingine. Kuna kesi maarufu ya Leeds, Uingereza, mwaka 2009, mwanaume wa miaka 29 alifika hospitali jicho jekundu, linatoa machozi, halitaki mwanga, ameshatumia dawa za maambukizi ya kawaida ya jicho na hazijasaidia. Madaktari walipolikuza jicho kwenye mashine wakakuta vinyweleo vyembamba vimechomeka kwenye kioo cha jicho. Ndo jamaa akakumbuka alikuwa anasafisha tanki la tarantula wake wa Chile, akageuza kichwa na buibui akamrushia wingu la vinyweleo usoni. Vilikuwa vidogo hata vibano vya upasuaji haviwezi kuvishika, ikabidi wapunguze uvimbe kwa dawa za matone. Ona sasa: mdudu mpole, moja ya aina zinazofugwa sana duniani, hakuuma mtu, na bado kampeleka mwenye nyumba hospitali.

Kwenye boksi letu kuna glavu za ngozi na pampu ya sumu. Miwani ya kujikinga? Hamna. Kitu chepesi kuliko vyote ambacho wangeweza kuweka. Na zile glavu ndo zinaongeza tatizo, ngozi yake ina vinyuzi nyuzi, inabeba vinyweleo ukiwa unapanga tanki, afu unajifuta jasho usoni na mkono uleule.

Sio wote wanaorusha lakini. Avicularia, wale wa mitini wenye vidole vya pinki, vinyweleo vyao kwa kawaida ni mpaka wakugusishe tumbo. Ila wao wana mambo yao, wanaweza kukurushia kinyesi, na wanalenga, nawaambia. Ndo jamaa wa ukoo wa yule buibui ambaye Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu, alimchora huko Suriname akiwa anamla ndege mdogo, picha ikatoka mwaka 1705 na wasomi wengi wakaiona uongo kwa miaka mingi. Chakula chao cha kila siku ni wadudu. Lakini mtu akishaona picha ya buibui na ndege hasikii tena kitu kingine.

Haya, upande wa pili. Karatasi ina kisehemu kinachosema "aina rahisi kwa anayeanza" na pale wameweka picha ya Pterinochilus murinus. Jamani! Huyu ni wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, alielezwa kisayansi na mtaalamu wa buibui Pocock mwaka 1897, na ile rangi yake ya chungwa kali inayopendwa na wafugaji huwa inahusishwa na milima ya Usambara. Ni mzuri, hilo sibishi. Ni mgumu pia, anavumilia ukame, anakula vizuri, anafuma utando kila kona, kwa hiyo kwa maana ya "hafi hovyo" ni kweli ni rahisi. Lakini ana mbio ambazo jicho halizifuati, hana kinyweleo hata kimoja cha kukuonya nacho, na akifinywa kwenye kona anauma bila majadiliano. Kumpa huyu mtu ambaye hajawahi kufungua tanki ni kumtafutia ubaya. Kwa anayeanza unampa mtu kama Tliltocatl albopilosus, yule wa nywele za kujipinda wa Amerika ya Kati, au Brachypelma hamorii wa Mexico mwenye magoti mekundu, wanatembea taratibu kama hawana miadi popote na wengi wao hata kurusha vinyweleo wana uvivu.

Na meno yenyewe je, maana mnaosoma wengi mmekuja kwa hilo. Kwa kumbukumbu zilizopo hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kwamba kimesababishwa na sumu ya tarantula. Karatasi imeandika kwa herufi kubwa "SUMU YA KUUA". Huo ni uzushi, na ni uzushi wenye umri mkubwa. Karne nyingi zilizopita huko Taranto, kusini mwa Italia, watu waliamini akikuuma buibui lazima ucheze ngoma kwa siku kadhaa la sivyo unakufa, na buibui aliyekuwa analaumiwa ni Lycosa tarantula, buibui mwindaji wa shambani ambaye hata familia moja na hawa hayuko, na sumu yake haifanyi chochote cha namna hiyo. Wazungu walipofika Amerika wakakuta mabuibui makubwa yenye manyoya wakawapa jina lilelile pamoja na sifa zake mbaya. Aliyeandika hii karatasi bado anacheza ile ngoma.

Ila msinielewe vibaya, kutokuua sio kutokuumiza. Aina nyingi za Amerika ukiumwa ni kama umechomwa na kitu chenye ncha, maumivu, wekundu, uvimbe kidogo, baada ya saa kadhaa au siku unasahau. Mara nyingine anauma mkavu kabisa, hatoi sumu, maana sumu kwake ni mtaji wa kuwindia na kwako wewe hapati chakula. Meno yenyewe ya mabuibui wakubwa yanapita sentimita 2 na hayabani kama koleo, yanashuka sambamba kuelekea chini kama nyoka anavyopiga, ndo maana lazima ajiinue kwanza. Kile kitendo cha kujiinua ni onyo lako la bure, na ukiliheshimu unarudisha kibano nyuma, unafunga mfuniko, unajaribu kesho.

Poecilotheria ndo darasa tofauti. Hawa wa India na Sri Lanka, wa kwenye matundu ya miti, wana michoro mizuri kuliko buibui wote kwa macho yangu, na yule metallica ni wa bluu kabisa. Wakiuma, maumivu ya pale pale ni mwanzo tu. Saa kadhaa baadaye misuli inaanza kukaza, sio ya kidole kilichoumwa peke yake, inaweza kuwa mguu, mgongo, kifua, inakuja inaondoka, na kuna watu wameripoti hali hiyo ikiendelea kurudi kwa siku na hata wiki. Mtu wa hivyo anatakiwa awe hospitali anapewa dawa za kutuliza misuli, sio yupo nyumbani anasoma karatasi ya maelekezo.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui. Nyumbani ukiwa na mbwa, mwenye hatari ni mbwa. Huko Australia walikusanya kesi za kuumwa na tarantula wa kule, ikachapishwa 2003, watu tisa na mbwa saba. Watu wote walipona, wengi wao ilikuwa maumivu tu. Mbwa wote saba walikufa, tena wengine ndani ya muda mfupi sana. Seti ina ukurasa mzima wa kumtisha mwenye nyumba na haina neno moja la kusema tanki liwekwe mbali na mbwa.

Sasa kipampu, staa wa boksi. Ni kama bomba la sindano lenye kikombe mdomoni, unakibandika pale ulipoumwa, unavuta, eti sumu inatoka. Haitoki. Kwenye nyoka, ambako sumu ni nyingi mara kadhaa, watu walifanya jaribio mwaka 2004, wakachoma kimiminika cha kuigiza sumu kwenye miguu ya watu waliojitolea afu wakavuta kwa pampu kama hii, kilichotoka ni maji maji ya damu na asilimia ndogo mno ya kile walichoingiza. Sumu ikishaingia kwenye nyama haikai pale inasubiri kuvutwa. Mimi nilikibandika kwenye mkono mzima usio na jeraha nikaona kinavyofanya: kiliacha duara la zambarau lililodumu kuliko uvimbe wa tarantula wengi. Kwa hiyo umeumwa, una jeraha dogo, afu unajiongezea lingine juu yake.

Halafu ukijua sumu inafanyaje kazi unaona hata wazo lenyewe halina miguu. Mwaka 2006 maabara ya David Julius, huyu aliyepata Nobel 2021, walionyesha kwamba sumu ya tarantula Psalmopoeus cambridgei wa Trinidad ina protini ndogo zinazogusa kipokezi kilekile cha neva ambacho pilipili inakigusa ulimini. Yaani ule moto unaousikia ukiumwa sio nyama kuungua, ni neva imedanganywa kwamba kuna moto. Ukivuta ngozi kwa pampu neva haijui lolote. Kwa taarifa tu, huyo Psalmopoeus ni wa Amerika lakini hana vinyweleo vya kuwasha, kwa hiyo tabia yake ni ya upande wa pili, mbio na meno, usije ukasema sikukwambia. Na sumu ya yule mpole wa Chile, Grammostola rosea, imewapa wanasayansi kemikali inayozuia milango ya seli inayofunguka kwa mgandamizo, wanaitumia maabara kuelewa jinsi mwili unavyohisi kuguswa. Mdudu mmoja, maabara nzima imepata kazi.

Wangetaka kuweka kitu cha huduma ya kwanza wangeandika hivi kwenye kadi na ingetosha: osha kwa maji na sabuni, vua pete kabla kidole hakijavimba, weka kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa, meza dawa ya kawaida ya maumivu, angalia kama chanjo yako ya pepopunda bado iko hai, mpige picha buibui au andika jina lake la kisayansi. Misuli ikianza kukaza, kifua kikabana, pumzi ikawa shida au mwili ukavimba mbali na jeraha, hospitali mara moja. Usikate, usinyonye, usifunge kamba. Dawa maalumu ya kupambana na sumu ya tarantula hakuna, kwa hiyo hospitali wanatibu dalili, na inatosha. Vinyweleo vya ngozini unavitoa kwa plasta ya kunata, unabandika unabandua. Vya jichoni suuza kwa maji mengi safi, usifikiche, na uende kwa daktari wa macho ukamtajie buibui mwenyewe, usisubiri akisie.

Glavu narudi kwao kidogo. Tarantula anasikia dunia kwa mitetemo, macho anayo manane yamejikusanya juu ya kichwa lakini yanaona mwanga na kivuli tu, kila kitu kingine anakijua kwa nywele za miguu. Ukimbeba na glavu nene huna hisia ya anavyotembea, unambana au unamwachia. Na kumwachia ndo kifo chake. Tumbo lake ni ngozi laini, hana mifupa wala gamba gumu pale, akidondoka kutoka usawa wa kifua cha mtu linapasuka, na maji yake ya mwili ndo yanayosukuma miguu kunyooka. Misuli ya kukunja miguu anayo, ya kunyoosha kwenye viungo vikubwa hana, anategemea mgandamizo. Akipoteza maji miguu inajikunja chini ya tumbo na haifunguki tena. Kwa hiyo swali la mbebe kwa glavu au bila glavu jibu lake ni usimbebe. Ukitaka kumhamisha mfunike na kikombe kinachoonyesha ndani, pitisha kadi ngumu chini, maliza. Kikombe hawajaweka.

Tanki ni refu kwenda juu, linapendeza mezani, na kwa buibui wa ardhini hilo refu ndo shida ileile ya kudondoka, maana anapanda kioo usiku anatembea dari nzima. Kinachookoa ni tofali la makumbi, ambalo hapa nawapa maua yao: ukililoweka kwenye maji ya uvuguvugu linavimba linajaza zaidi ya nusu ya tanki, na ukilishindilia linashika shimo bila kubomoka. Jaza mpaka nafasi iliyobaki hadi mfuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui wako akinyoosha miguu. Ukifanya hivyo umepunguza tatizo la tanki kwa nguvu ya makumbi.

Mfuniko wa wavu utupeni. Miguu yao ina vikucha viwili vidogo mwishoni, vinaingia kwenye tundu la wavu vinanasa, buibui anabaki ananing'inia anavuta, na mara nyingi anaamua kuukata mguu mwenyewe abaki na saba. Mguu unaota upya kwenye kujivua gamba kunakofuata, ila unaanza mdogo. Weka karatasi ya akriliki yenye matundu ya kutobolewa.

Mkeka wa joto usiwashe. Maelekezo yanasema uweke chini ya tanki. Porini jua likichoma tarantula anachimba kwenda chini, kule chini ndo baridi, ndo akili aliyozaliwa nayo kwa mamilioni ya miaka. Wewe umeweka moto chini. Atachimba kuukimbia kwa kuufuata. Joto ambalo wewe umekaa umevaa fulana bila kutetemeka linatosha aina nyingi. Sponji nayo kwenye kisahani haina kazi, inafuga bakteria, buibui anakunywa kwenye maji wazi, analaza mdomo wote pale na unaona tumbo linapumua taratibu. Kipimo cha unyevu cha mshale nimekiweka kwenye makumbi yaliyolowa na nimekiweka juu ya rafu kavu, kote kinasema 60. Basi.

Lakini mstari mbaya kuliko yote kwenye karatasi ni huu, nanukuu: "ukimkuta buibui amelala chali, mgeuze haraka, anakufa." Hapana, hapana, hapana. Tarantula anayekufa kwa kawaida anakufa amesimama, miguu imejikunja chini. Aliyelala chali anajivua gamba. Anafuma kitanda cha utando, analala mgongo, anakaa kimya mpaka unaona ameshakufa, afu kifuniko cha mgongo wa mbele kinafunguka kama mlango na anaanza kuchomoa miguu yote minane kidogo kidogo kutoka kwenye ngozi ya zamani, kama anavua soksi nane kwa pamoja bila mikono. Anatoa mpaka ngozi ya tumbo la chakula na ya mapafu yake. Akimaliza ni laini kabisa, meno yake ni meupe, hayawezi hata kutoboa nyenje, yanaenda yanakuwa mekundu kisha meusi kwa siku zinazofuata. Ukimgeuza katikati ya kazi hiyo umemvunja miguu au umemuua. Nyenje ukimwacha ndani wakati huo anaweza kumla yeye. Mnunuzi anayefuata maelekezo ya hii seti kwa uaminifu ataua buibui mzima wa afya kwa sababu amemhurumia.

Na ngozi iliyobaki msitupe, ni kumbukumbu nzuri na ina kazi. Ukiiloweka ukaikunjua sehemu ya tumbo unajua una jike au dume, na hiyo ni habari kubwa, maana jike wa Brachypelma anaweza kukaa na wewe miaka 20 na zaidi wakati dume akishakomaa hana gamba jingine mbele, anabaki na miezi au mwaka mmoja mwili unachoka. Dume aliyekomaa unamjua hata bila kioo, mikono yake ya mbele inavimba nchani, na aina nyingi anaota ndoano miguuni za kushikilia meno ya mke wakati wa kupandana, maana mke naye haaminiki.

Gogo la kujifichia ni zuri kuangalia ila limekaa juu juu. Anachotaka ni mlango, kwa hiyo lizamishe nusu na umwanzishie shimo kwa kidole, mengine atachimba mwenyewe. Shimo ndo maisha yake yote, na hata humo hayuko salama: nyigu wa Pepsis anamfuata mlangoni, anamchoma mara moja, buibui anapooza akiwa hai, nyigu anataga yai juu yake na mtoto wa nyigu anamla taratibu akiacha viungo muhimu mwisho. Huko Peru kuna tarantula mkubwa anayeishi shimo moja na kachura kadogo, anakashika anakanusa anakaachia, na kachura kanakula siafu wanaotaka mayai ya buibui. Ukiyajua haya unaacha kumfukunyua fukunyua kila jioni kuangalia kama yupo. Yupo.

Kwa nini nafurahi buibui haji na boksi. Kwa sababu seti ya namna hii ikiuzwa na mnyama, wengi wanaowekwa ni waliochotwa porini. Brachypelma wote biashara yao ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1995, magoti mekundu tangu 1985, na Poecilotheria wakaingia 2019, na sababu ni hiyohiyo, wanakua polepole, wanachelewa kuzaa, ukichota majike wa eneo moja umemaliza eneo. Nunua aliyezalishwa na mfugaji, muulize jina kamili la kisayansi, akikwambia "buibui mkubwa wa kahawia" ondoka.

Kibano nimekiacha mwisho ila ndo kitu bora humu. Kirefu, ncha zake zimefunikwa mpira, hakitelezi, kina spring nyepesi. Tarantula akisikia mtetemo anarukia kwanza anauliza baadaye, na kuumwa kwingi kwa wafugaji kunatokea pale anapoona kidole ni mende. Kwa kibano mkono wako unabaki nje muda wote, unatoa mabaki ya chakula, unajaza maji, unaweka nyenje. Kama wanakiuza peke yake chukueni hicho na tofali la makumbi, miwani tafuteni sehemu nyingine.

Nimewaandikia wauzaji kuhusu ule mstari wa kumgeuza na kuhusu picha ya murinus. Wamejibu kwa heshima kwamba toleo lijalo litakuwa na mfuniko wa matundu badala ya wavu na karatasi itaandikwa upya. La pampu wamesema wateja wanaipenda.